Siku Mama Gentille Alipopanda Hafelekar

Tulifahamiana kazini Westerville, Ohio, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wote wawili tukiwa wageni pale. Mimi, Mama Anitha, ni Mtanzania wa Kagera, yeye ni Mkongo wa Bukavu. Siku ya kwanza nilimsemesha Kiswahili, akaweka mashuka chini na kuniangalia.

"Bon, weye unasema Kiswahili ya ku kitabu," akasema, tukacheka mpaka mzee wa kitanda cha jirani naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Jina lake ni Cibalonza, lakini mtaa mzima wa Northland tunamwita Mama Gentille, kwa jina la binti yake, ambaye anaishi Louisville na anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Jeffersontown. Si mtu wa kujisifu. Habari zake nilizipata kidogo kidogo, tukitandika vitanda na tukingoja basi Morse Road.

Kwao walizaliwa wawili, yeye na mdogo wake Aganze. Baba yao alitangulia kufa, na mama akafuata kabla Aganze hajaanza shule. Cibalonza, msichana bado, akaingia kazi ya kubeba mizigo. Aliyatoa magunia ya unga na makaa ufukweni mwa ziwa na kuyapandisha hadi soko la Kadutu, mshipi ukiwa umepita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, macho yanaona visigino vya aliyetangulia tu. Kwa kazi hiyo Aganze alisoma, tena alisoma vizuri, hadi akaingia shule ya ufundi ya mapadri.

Vita vya mwaka 2004 viliwatenganisha. Cibalonza alivuka kwenda Burundi akimshika Gentille mkono, akakaa kambini mpaka alipoletwa Buffalo mwaka 2010. Baada ya misimu miwili ya theluji ya kule, akahamia Columbus waliko watu wa kanisa lake. Aganze naye, padri aliyekuwa mwalimu wake alimtafutia nafasi ya masomo Austria, katika mji uitwao Innsbruck. Akasomea umeme wa mitambo, akaajiriwa hukohuko. Kila Jumapili walipigiana simu.

"Anafanya kazi gani?" niliwahi kumuuliza.

"Ya courant," alinijibu, yaani umeme. "Anatengenezaka mashini. Miye sijue vizuri."

Mwaka 2015 aliapa kuwa raia, akapata pasipoti. Wengi wetu tungeiweka kabatini. Yeye, Agosti iliyofuata, alipanda ndege na Gentille kwenda kumwona mdogo wake. Haya ninayoyasimulia, nusu nimeyapata kwa Gentille na nusu kwake mwenyewe. Wanatofautiana mahali pamoja tu: Gentille anasema mama yake alilia, Mama Gentille anasema ulikuwa upepo.

Kwenye stesheni ya treni alimtazamia mvulana wa kumbukumbu yake, akamkuta mwanamume mrefu mwenye ndevu. Alimshika uso kwa mikono miwili kama anayemtafuta mtu humo ndani. Aganze akasema, "Njo miye, Yaya," yaani ndiye mimi. Kwetu Tanzania yaya ni mlezi wa watoto wa watu, kwao ni dada mkubwa. Kwa Aganze neno hilo lilikuwa na maana zote mbili.

Siku ya tatu asubuhi Aganze alisema, "Yaya, leo nataka uone ku kazi yangu."

Mama Gentille alifikiri anapelekwa karakana. Akavaa kitenge chake cha Jumapili, na koti zito alilonunuliwa na Gentille. Walishuka katikati ya mji, karibu na mto, wakaingia kwenye kitreni kinachopanda mteremko. Hapo hakuwa na neno, reli alizijua. Lakini juu, pale kitreni kilipoishia, waliingia kituo kingine, na mbele yao kulikuwa na behewa kubwa la vioo, limening'inia kwenye kamba za chuma. Kamba zenyewe zilipanda juu ya misonobari, zikavuka nguzo ndefu, zikapotelea kwenye mwamba.

Akasimama.

"Aganze, ile kintu inakanyaga wapi?"

"Haikanyage, Yaya. Inafungwa ku kamba."

"Bon. Weye na Gentille muende. Miye napanda na miguu."

"Mama, seriously?" Gentille akasema. Ukimshtua, hujibu kwa Kiingereza.

"Kuko njia?"

"Iko," Aganze alijibu, "ila utafika mangaribi."

"Nilipanda Kadutu kila siku. Hakuna mlima inanishinda."

Watu walikuwa wanapita pembeni yao wakiingia. Aganze hakumvuta mkono wala kumbembeleza. Alisema tu, taratibu, "Yaya, ile kamba, miye njo ninaichunga."

Mama Gentille akamgeukia. "Namna gani, unaichunga?"

"Njo kazi yangu. Miye na wenzangu. Tunaangalia mashini, magurudumu, kamba. Kila asubuhi mbele watu waingie, siye tunakuwa tumeisha kupita."

Aliniambia baadaye kwamba hakuondokewa na hofu hata kidogo. Bali alifikiri: huyu nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu, akisema kamba imefungwa, imefungwa. Akaingia. Alishika nguzo iliyokuwa katikati ya behewa kwa mikono miwili, akafumba macho, behewa likaondoka.

Gentille anasema yeye mwenyewe alipiga kelele kwa furaha. Mji wote ulishuka chini yao: mto, paa nyekundu, uwanja wa ndege wenye ndege ndogo kama za kuchezea. Mama yake alifumbua jicho moja, akafumba tena. Walipokaribia nguzo, Aganze akasema bila kufikiri sana, "Unaona pale juu, ku magurudumu? Juma yenye ilipita nilikuwa pale, natia grisi."

Macho yote mawili yakafumbuka.

"Pale? Pale juu?"

"Na mukaba, Yaya. Tunajifunga."

"Miaka yote hii ku telefone unaniambia courant, courant! Miye nafikiri unabadirisha ampoule za taa mu manyumba ya watu! Kumbe unaikala juu ya mti ya chuma kama ndege!"

"Ningekuambia, ungelala?"

Akawa bado anamgombeza pale behewa lilipopunguza mwendo, likasimama kabisa. Upepo ulikuwa umeongezeka ghafla. Behewa likayumba kidogo, taratibu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Msichana aliyekuwa akilisimamia behewa alikuwa bado mgeni kazini. Alizungumza kwenye simu ya ukutani, kisha akamtazama Aganze, fundi aliyemjua ingawa alikuwa amevaa nguo za nyumbani kama abiria wengine, akamwuliza jambo.

Aganze akajibu, kisha akawageukia watu. Alisema Kijerumani kwanza, sauti imetulia, akionyesha kwa mkono nguzo na kamba. Akarudia kwa Kiingereza: upepo ukizidi kiasi fulani mtambo hupumzika wenyewe, ndivyo ulivyotengenezwa, na ukitulia utaendelea. Mama wa yule mtoto aliuliza swali, akamjibu. Mzee mmoja mwenye fimbo za kutembelea milimani akauliza lingine, akamjibu pia, na yule mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika na kulegeza mkono wake kwenye dirisha. Mabega yakashuka behewa zima.

Mwisho akamwinamia dada yake kumwambia kwa Kiswahili.

"Hapana, usinielezee," Mama Gentille alimkatiza. "Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona watu wanakusikiliza."

Hapo ndipo Gentille anaposema kwamba mama yake alilia. Mwenyewe, kama nilivyosema, anasema ulikuwa upepo. Lakini ndani ya vioo?

Behewa likaondoka tena. Kwenye kituo cha katikati walibadilisha, wakapanda behewa la pili lililo dogo zaidi, na safari hii Mama Gentille hakushika nguzo. Alisimama mbele kabisa, paji la uso likigusa kioo, akiuliza majina ya kila kitu: gurudumu hili, kamba ile ya pili ni ya nini, ile inayovuta ni ipi na inayobeba ni ipi. Aganze akajibu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Gentille naye akasogea, akaanza kuuliza yake.

Kituo cha mwisho kinaitwa Hafelekar. Kutoka hapo hadi kilele chenyewe kuna njia ya mawe, na hiyo hakuna wa kukupandisha. Mama Gentille alifunga kitenge vizuri, akashika njia. Gentille, kijana wa miaka ishirini na moja, alisimama mara kadhaa kupumua. Mama yake hakusimama. Kondoo waliokuwa wanakula majani pembeni waliinua vichwa kumtazama mwanamke wa kitenge anavyowapita, naye akawapa bonjour.

Juu kuna msalaba. Upande mmoja aliuona mji wote chini ya miguu yake, upande wa pili milima mitupu, mwamba nyuma ya mwamba, bila nyumba wala moshi. Ndege weusi wenye midomo ya njano walikuwa wakipanda na upepo. Akavuta pumzi, akapiga vigelegele.

Watu waliokuwa pale wakageuka. Wengine wakacheka kwa kupendezwa, na yule mzee wa fimbo, aliyekuwa amefika kabla yao, akamsogelea na kumwuliza kwa Kiingereza swali ambalo sisi sote huulizwa mpaka dukani: anatoka wapi?

Mama Gentille ana majibu mengi ya swali hilo. Bukavu, Burundi, Buffalo, Ohio. Nimemsikia akiyatumia yote, kulingana na uchovu wake. Siku ile hakutumia hata moja. Alinyoosha kidole kumwelekea Aganze, aliyekuwa bado anapanda njia nyuma yao, na kwa Kiingereza chake cha Westerville akamwambia yule mzee: yule fundi wa kamba, mimi ni dada yake mkubwa. Nimemlea mimi.

Mzee akavua kofia, akampa mkono.

Walirudi mwanzoni mwa Septemba. Nilimpokea uwanja wa ndege Columbus, na kabla hatujafika kwenye gari alikuwa ameshanieleza tofauti ya kamba inayobeba na kamba inayovuta. Kazini wazee wote waliipata hadithi hiyo, wengine mara mbili, na hakuna aliyelalamika. Januari, Gentille alijiandikisha chuo cha ufundi Louisville, masomo ya umeme wa viwandani, akawa anasoma jioni baada ya zamu. Mama yake alinipa habari hiyo tukitandika vitanda.

"Donc, Mama Anitha, yeye pia atapanda ku miti ya chuma," alisema. Akanyoosha shuka, akalikunja kwenye kona vizuri, na kichwa chake kilikuwa juu kabisa.