Tarakimu ya Saba

Siku hizi watoto wanaandika namba kwenye kompyuta zinajipanga zenyewe, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Mimi nilizipanga kwa kidole gumba. Miaka ya sabini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya pamba, Shinyanga mjini. Taipureta yangu, nikibonyeza kitufe cha safu, ilisimama pale nilipoitegea, basi. Haikujua kama namba inayokuja ni fupi au ndefu. Ukitega kwa tarakimu sita, namba ya tarakimu nne unaitangulizia nafasi mbili tupu. Ukisahau, elfu inakaa chini ya laki.

Mwisho wa msimu mmoja mama yangu, mayu kama tunavyosema Wasukuma, alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, na asubuhi dada yangu akanitumia ujumbe: "Mayu anakuita. Njoo leo." Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa.

"Maliza jedwali kwanza," akasema. "Gari la ofisi linapita huko saa nane, utapanda."

Lilikuwa jedwali la kilo za pamba, kituo kwa kituo, na jumla chini. Kabla ya kutega mashine nilimuuliza, "Mzee, jumla haitavuka tarakimu sita?"

Akacheka. "Ilivuka lini?"

Nilikuwa nakaribia kumaliza simu ilipolia. Kituo cha mwisho kilikuwa kimeleta hesabu yake. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, wakulima walivuna hasa, na makarani wakashangilia. Nikajumlisha: tarakimu saba. Ile ya saba haikuwa na pa kukaa, ingeingia safu ya jirani. Na kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, dawa nyekundu ya kusahihishia inafuta herufi, haifuti ukurasa mzima.

"Anza upya," akasema bosi. "Linakwenda Mwanza kesho."

Nikamwambia mama yangu anakufa. Akanijibu kwamba vidole vyangu ni vyepesi, sitachelewa.

Gari likaondoka bila mimi. Nilipiga lile jedwali upya nikilia, na sikukosea hata nafasi moja. Hilo linaniudhi mpaka leo. Yule mtu nilimchukia, na sijaacha.

Nilifika Kolandoto jioni, kwa lori la mahindi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Dada yangu alikuwa ameketi sakafuni, hakuniangalia. Muuguzi akanishika mkono.

"Pole, dada," akasema. "Alikuulizia mchana kutwa. Tukamwambia uko njiani, akatulia, akawa anaangalia mlango."