Foleni Zilipokwisha

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ya kwanza sukari ilipokaa dukani mpaka jioni na hakuna mtu aliyeikimbilia. Hapa Singida mjini ilikuwa ajabu. Kabla ya hapo kazi yangu nyumbani ilikuwa moja tu, kupanga foleni. Nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, basi baba akaona angalau miguu yangu inafaa kusimama. Sukari, sabuni, khanga, mafuta ya taa, vyote nilivisimamia mimi. Tulikuwa tunaweka jiwe kushika nafasi, kisha tunakaa kwenye ngazi za duka la ushirika tukipiga soga mpaka mlango ufunguliwe. Huko ndiko nilikompata rafiki yangu Zaituni. Usinicheke, wapo waliopata hata wachumba.

Halafu biashara ikafunguliwa. Maduka ya watu binafsi yakajaa, mitumba ikashuka kwa marobota, na lile duka la ushirika likafungwa. Nikabaki na siku nzima mikononi, sijui niifanyie nini. Unajua tulifanya nini mimi na Zaituni? Tulirudi kukaa palepale ngazini. Mlango una kufuli, ndani hata panya wamehama, na sisi tumekaa. Ungetuuliza, tungekwambia tunapumzika. Kwa kweli mimi nilikuwa nangoja. Mjomba wangu wa Arusha alisema ataniita nikamsaidie dukani kwake, nami nikaona haina maana kuanza jambo lolote kabla hajaniita.

Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa fundi cherehani. Alitoka Ilongero akaolewa hapa mjini, akafiwa na mume, na hakujaliwa mtoto. Alishonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na mwenye duka alimheshimu, maana wateja wengi walinunua kitambaa kwake kwa sababu fundi yuko pale mlangoni. Mitumba ilipofika, mafundi wengi walinuna. Yeye hakununa. Alisema makoti haya yameshonewa watu wakubwa wa nchi za baridi, mtu wa hapa yatamvaa badala ya yeye kuyavaa, kwa hiyo kazi ya kuyapunguza itakuwepo miaka mingi. Na ilikuwepo.

Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yanaingia ukungu, na mwenyewe alijua yanakoelekea, kwa kuwa mama yake naye alimaliza hivyohivyo. Akaniita, akaniambia anataka kuniachia cherehani pamoja na ile nafasi ya barazani, ila hawezi kumwachia mtu asiyejua kukata nguo. Aliniomba michana yangu tu, kuanzia baada ya swala ya adhuhuri. Nikaitikia. Nikawa naenda mara mojamoja, siku ambazo soga za ngazini hazikuwa tamu.

Mchana mmoja alitukuta pale. Alikuja taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta, begani ana koti la mtumba, kubwa, la kijivu, ambalo halikupata mnunuzi. Tukasimama.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mnapanga foleni ya nini?"

Zaituni akacheka. Mimi nilimwona Mama Mkubwa mwenyewe hacheki, nikajibu kwamba tunapumzika tu.

"Mtu aliyepumzika anaonekana usoni," akasema. "Wewe umechoka kuliko mimi niliyeshinda kwenye cherehani. Shika hili koti. Lifumue lote bila kukata kitambaa, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Ukimaliza tutaanza kukata. Kama hutaki, niambie leo, niuze cherehani nirudi Ilongero nikakae na ndugu zangu. Sina miaka ya kukungoja mpaka uamue."

Aliyasema kwa sauti ya chini, hata wapita njia hawakusikia, na hilo ndilo lililoniuma. Nililichukua lile koti kwa hasira. Nikakaa uani nafumua, nanung'unika, nikamsema vibaya moyoni kwa siku nyingi. Lakini nilipoitoa bitana, kile kitambaa cha ndani, nikakuta mambo ambayo mvaaji hayaoni. Kulikuwa na kitambaa kigumu kilichoshikizwa kwa mkono, mshono baada ya mshono, na mahali fulani fundi wa huko alikosea akarudia. Nikaanza kujiuliza kwa nini kafanya hivi na si vile. Jua likazama sijalisikia. Nilifurahi, mwanangu, furaha ambayo kule ngazini sikuwahi kuionja.

Nikawa sikosi barazani. Nikajifunza kukata suruali, sketi za shule, mgongo wa koti. Kikabaki kitu kimoja, mkono wa koti. Pale unapokutana na bega kuna ujanja wake, na Mama Mkubwa alikuwa na namna yake ambayo mafundi wengine walikuja kuitazama. Siku aliyotaka kunionyesha, alishika chaki, akachora kwa uangalifu, polepole, mstari mzuri kabisa. Aliuchora mezani, pembeni ya kitambaa.

"Nimepata?" akaniuliza.

"Umepata, Mama Mkubwa."

Akapapasa kitambaa, akapapasa meza, akaangalia ncha za vidole vyake ambavyo nadhani hakuviona. Akaiweka chaki chini. "Basi," akasema, "tumeishia hapo."

Cherehani alinipa kama alivyoahidi, na imenisomeshea watoto. Mjomba wa Arusha hakuniita. Lakini mpaka leo, koti likiniletea taabu kwenye bega, nalipeleka kwa fundi mwingine, na mteja ananiona nikilipeleka. Utaniuliza kwa nini sikujifunza kwa huyo fundi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, mgonjwa ndani, wateja mlangoni. Ile michana mitupu niliyokuwa nayo usichanani haikurudi tena, na sasa inaporudi, vidole vyangu havikunjiki.

Nimechoka, mwanangu, sina tena nguvu ya kukukemea. Nakuona na simu yako pale kwenye kivuli cha nyumba tangu asubuhi, na sikulaumu, ajira ni ngumu na umeambiwa usubiri. Ukichoka, lala, mwili una haki yake. Ila jichunguze kama kweli unapumzika, au unangoja kuitwa. Kama unangoja, shika kazi yoyote ya kukufunza kitu, hata ya kufumua. Usichague iliyo kubwa. Anza na ile ambayo mwenye kuijua bado yupo karibu nawe, umfuate leo, umsumbue kwa maswali. Mimi nilihesabu muda wangu nikaona ni mwingi, na kweli ulikuwa mwingi. Wa Mama Mkubwa sikuuhesabu, na ndio uliokuwa unakwisha.

Mwenyezi Mungu akujalie michana mirefu, na amweke hai mwenye cha kukufundisha, na macho yake mazima, mpaka utakapomaliza kumuuliza.