Tembo Tamu la Posa Yangu

Baba yangu alikuwa mgema huko Ganda, na mtu asinidanganye kwamba ile ilikuwa kazi ya walevi. Walevi walikuwa chini. Juu ya mnazi hapandi mlevi, atavunjika shingo. Baba alipanda asubuhi na jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni na kibuyu mgongoni, na sisi watoto tukala, tukavaa, tukasoma kwa yaliyoshuka kutoka kule juu.

Kisha akaokoka. Hakuona nuru wala hakusikia sauti. Alisema tu kwamba amechoka kukutana njiani na wake za wateja wake wakamtazama vile walivyokuwa wakimtazama. Jumapili moja alikwenda kanisani, akarudi, akaichomeka kotama kwenye makuti ya jikoni, akasema imekwisha. Mama akamuuliza tutakula nini. Akamwambia tutakula mihogo. Na kweli tuliila mihogo, jamani, mpaka mimi nikawa nikiiona shambani naipa mgongo.

Kanisani alipewa kazi ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu bovu la lori lililotundikwa kwenye mkorosho, likigongwa kwa kipande cha chuma. Ungemwona baba siku ya Jumapili! Anavaa shati lake jeupe, anafika kabla ya watu wote, anagonga, anasikiliza sauti inavyokwenda mashambani, anagonga tena. Sijaona mtu aliyependa kazi isiyo na mshahara kama baba alivyolipenda lile rimu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo waumini wenzake hawakulipenda. Jioni moja moja baba alikuwa bado akienda mangweni, pale wanywaji walipokutana, akaketi nao. Hanywi. Anaketi tu, anauliza habari za wagonjwa na za mahindi, na mtu akizidiwa anamshika mkono hadi kwake. Waumini wakimwambia awahubirie basi, anawajibu, "Hawa nimewauzia mimi miaka kumi na mitano. Kwanza niwapeleke nyumbani." Mahubiri yake yote yalikuwa hayo.

Mwaka ule shule zilipoanza kuongezewa darasa la nane, na wazazi wakawa wanajenga madarasa ya udongo kila mahali, alikuja kwetu mwalimu mmoja kijana kutoka Tezo kusaidia kuhesabu miti ya kujengea. Akahesabu miti, akanihesabu na mimi. Sitasema mengi. Alikuwa mpole, mwimbaji, Mkristo kama mimi, na mimi nilimtaka, na nilimtaka sana. Akaniahidi kuwatuma wazee wake, na wakaja kwetu kupiga hodi.

Sasa, kwetu Wagiriama, maneno ya posa hayafunguliwi kwa mdomo mkavu. Wazee wa mume huleta kadzama, yaani tembo la mnazi ndani ya kibuyu, na binti huitwa aulizwe mbele ya wote: tunywe au tusinywe? Akisema nyweni, imekuwa. Baba akawaambia wakwe kwa adabu zote kwamba tembo halitaingia mlangoni kwake. Akasema waje na soda, waje na chai, watakaribishwa vizuri.

Baba mkubwa, kaka yake, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Mzee wa fimbo na kikoi, kanisani hajatia mguu, na maneno yake ukiyasikia mara moja hutayasahau. Akasema, "Soda? Nimwoze mwanangu kwa soda? Basi tumwoze kwa peremende, mambo yaishe!"

Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Akaketi barazani akamweleza baba polepole, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikia kila neno. "Mdogo wangu, wewe wafikiri sisi twataka kulewa. Kadzama si ulevi. Aliyekunywa amekuwa shahidi. Siku huyu binti atakapopigwa, au kusingiziwa, au kufukuzwa, aliyekunywa lazima asimame aseme, mimi nilikunywa. Soda nitainywa, nitaisahau. Nani atamsimamia mtoto huyu mimi na wewe tukishakufa?"

Baba akasema tu, "Kaka, umesema kweli." Lakini tembo bado akalikataa. Na baba mkubwa akasema kama hakuna kadzama, yeye hafungui mdomo, na asipofungua yeye hafungui mwingine. Wakwe wakachukua fimbo zao wakarudi Tezo.

Nina ulimi mkali, sikatai. Jioni ile nilimwendea baba akiwa anamenya mihogo nikamwambia, "Wokovu wako umenifungia mlango. Wewe umekwenda mbinguni peke yako, sisi umetuacha hapa na mihogo." Mama akanirushia mwiko. Baba hakuinua macho. Aliendelea kumenya, na nikaona amemenya muhogo mmoja mpaka umekuwa mwembamba kama kidole. Hadi leo nikikumbuka maneno yale nasikia aibu.

Siku mbili baadaye alikwenda Tezo kwa miguu, akarudi na jogoo kwapani. Mama akauliza jogoo wa nini. Baba akasema, "Nimemkodisha mkwe mnazi."

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Shamba laweza kuwa la huyu na minazi yake ikawa ya yule. Lakini hili lilikuwa na kishindo chake. Mnazi ule mrefu wa nyuma ya kisima sasa ulikuwa wa mkwe, baba yake mwalimu, kwa jogoo mmoja, mpaka posa iishe. Kwa hiyo tembo lake lingekuwa la mkwe, lililoletwa na upande wa mume kama mila itakavyo. Na mgema wa kumgemea mkwe angekuwa nani? Baba mwenyewe! Baba wa binti, amegeuka kibarua wa wakwe zake. Baba mkubwa aliposikia alishika kichwa. "Salaale! Mdogo wangu, hiyo aibu utaiweka wapi?"

"Nitaiweka palepale mnazini," baba akasema. "Ila mkwe nimemwambia, tutakunywa tembo tamu. Waje alfajiri."

Wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Tembo likikingwa usiku ndani ya kibuyu kipya kilichooshwa kwa maji ya moto, likateremshwa kabla ya jua, ni tamu, na watoto hulinywa. Likifika adhuhuri limeanza kuchemka. Jioni ni kali, na hapo ndipo watu huanza kuimba. Kila kitu ni saa na kibuyu. Vibuyu vyake vya zamani vyote baba alivivunja, maana ukali hukaa ndani yake hata ukivisugua.

Akaichomoa kotama kwenye makuti, imeota kutu, akainoa. Mnazi hautoi siku ile ile uuombao. Kuna kulifunga karara, lile shada la maua ya mnazi kabla halijapasuka, kulikata ncha kidogo kidogo, kurudi asubuhi, kurudi jioni, siku baada ya siku, mpaka lianze kudondoka. Na baba alikuwa na miaka sita hajapanda. Jioni ya kwanza aliposhuka, kifua kizima kilikuwa kimechubuka. Mama alimpaka mafuta ya nazi, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mtu juu ya mnazi hajifichi. Siku ya tatu mama mmoja wa kanisani alimwona, na siku ya nne mwinjilisti akafika na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa bara, mwema, mwenye bidii, aliyekuja pwani kwa ajili yetu. Kwake yeye tembo lilikuwa pombe, na pombe ilikuwa dhambi, na hapo hapakuwa na saa wala kibuyu.

"Bwana asifiwe, ndugu. Nasikia umerudi Misri."

"Amina," baba akasema.

"Unagema, hugemi?"

"Nagema."

"Tembo?"

"Tembo."

Mwinjilisti akainamisha kichwa, nikaona ameumia kweli. Akamwambia baba aache kengele, akae viti vya nyuma Jumapili ijayo, na Jumapili inayofuata hiyo atasimama mbele ya watu kutubu. Baba akaingia ndani, akatoka na kile chuma cha kugongea, akampa. Baiskeli ilipotoweka nilimrukia. "Mbona hukumweleza?"

"Hakuuliza la nani, wala la kufanyia nini. Mtu akishakuhukumu, ukimweleza ataona wajitetea."

"Si ujitetee basi! Ebo!"

"Wewe wataka kuolewa ama wataka kugombana na mwinjilisti?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mihogo nikaona meno yake. Jumapili iliyofuata rimu liligongwa na mtu mwingine, hovyo hovyo, na baba akaketi nyuma karibu na mlango, akaimba nyimbo zote.

Wakwe walikuja Jumamosi kabla jogoo hawajamaliza kuwika. Wazee wa watu wameamshwa usingizini, wamejifunga vikoi upande, wananung'unika kwamba tangu lini posa ikawa kama safari ya Mombasa. Baba alishuka na kibuyu, akamkabidhi mkwe wake kwa mikono miwili kama kibarua anavyomkabidhi tajiri wake, na mkwe akakibeba hadi mlangoni akapiga hodi kana kwamba amekitoa Tezo. Kila mtu aliona, na hakuna aliyecheka.

Baba mkubwa akatia mrija, akavuta. Akavuta tena.

"Mdogo wangu," akasema, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe hata sifa hujapewa, mbona umeshalitia?"

Hapo ndipo watu walipopasuka kwa kicheko. Baba akamwambia, "Kaka, je, hili si tembo? Si la mnazi? Hawakulileta wakwe?" Baba mkubwa akafikiri, akagonga fimbo yake chini. "Ni tembo. Ni la mnazi. Wamelileta wakwe. Mila haikusema lazima nianguke. Mwite mtoto."

Nikaitwa. Nikapiga magoti. Akaniuliza, "Tunywe au tusinywe?" Nilitaka kujibu haraka maana nilikuwa nimelisubiri swali lile kuliko kitu chochote, lakini nikamwona baba amesimama pembeni ameshika shati lisimguse kifuani. Nikabaki kumtazama yeye. Wakadhani nasita, na mkwe akaanza kukohoa. Nikasema, "Nyweni. Nyweni nyote." Wakanywa wote, na jua lilipotoka nilikuwa nimeposwa.

Kesho yake ilikuwa ile Jumapili ya kutubu. Mwinjilisti alisema leo tuna ndugu wa kurudi kwa Bwana, na baba akatoka viti vya nyuma akaanza kwenda mbele, katikati ya watu, mdogo mdogo. Hata hajafika, tukasikia fimbo mlangoni. Ko, ko, ko. Baba mkubwa! Mtu ambaye kanisa alikuwa akilizunguka kwa mbali kama mzinga wa nyuki. Hakuvua kofia, hakujua. Akapita moja kwa moja akasimama kando ya mdogo wake.

"Mimi nilikunywa," akasema.

Mwinjilisti akamwambia kwa upole, "Mzee, nawe unataka kutubu?"

"Nitubu nini? Nimekuja kusimama. Mila yetu, aliyekunywa husimama. Alilogema huyu nimelinywa mimi, mbele ya wakwe, na nilirudi nyumbani na akili zangu zote, na wala sikupendezwa! Lilikuwa tamu kama uji wa mtoto. Alipanda ule mnazi siku zote hizi akachubuka, akawa kibarua wa wakwe, ili mtoto aolewe na yeye asivunje ahadi yake kwa Mungu wenu. Kama hiyo ni dhambi, niambieni, nirudi zangu."

Mwinjilisti akamtazama baba, akatutazama sisi, akauliza, na najua aliuliza kwa moyo safi, "Kumbe tembo laweza kuwa tamu?"

Kanisa zima likacheka, hata watoto. Yeye mwenyewe akacheka mwisho, kisha akaacha kucheka. Akasema mbele ya wote, "Ndugu yangu, nilikuuliza maswali mawili, nikaacha la tatu. Nisamehe." Akaenda kwenye kona, akaleta kile chuma, akamrudishia baba mkononi. Baba, na utu uzima wake, alilia.

Ibada ilipokwisha alikwenda moja kwa moja mkoroshoni akagonga lile rimu kwa nguvu, watu wakiwa tayari wanatoka. Baba mkubwa akamuuliza, "Sasa wamwita nani, na watu wameshatoka?" Baba aliendelea kugonga.

Jumapili iliyofuata baba mkubwa alikuja tena, akakaa nyuma. Alisema amekuja kuangalia tu kama mdogo wake anatendewa vizuri. Alikuja kuangalia hivyo miaka yote. Na mwaka mmoja mimi na mwalimu wangu tulipokosana vibaya, nikafunga nguo zangu, ni yeye aliyefika Tezo na fimbo yake, akaketi mlangoni petu akasema alikunywa, na haondoki mpaka tusikilizane. Tulisikilizana. Nguo nikazifungua, na namshukuru Mungu kwa ajili yake na kwa ajili ya mnazi ule.

Baba alipofariki, asubuhi ya maziko tulijiuliza nani atagonga kengele, maana kwa miaka mingi hakuna mwingine aliyeigusa. Baba mkubwa, mgongo umeshapinda, akanyoosha mkono akaomba chuma. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, wewe kaa, sisi tutagonga."

"Nipe," akasema. "Nilikunywa mimi."