Nilileta Opera Kijijini, Matanga ya Somo Yangu Hayajaanuliwa

Nianze na kosa langu kabla hamjaanza kunitafutia sababu: nilidanganya. Niliwadanganya wageni, nikawadanganya wenyeji, kisha mbele ya watu wote nikamkana mwanamke aliyenifunda. Wala msimsingizie shetani. Shetani siku ile nadhani alikuwa amelala, kazi yote niliifanya mwenyewe.

Mimi nauza samaki wa kukaanga na mihogo Somanga, pale mabasi ya Lindi yanaposimama. Nyumbani ni kijiji cha ndani kidogo, ukitoka barabarani unachukua bodaboda. Siku moja ikasimama gari ndogo, wakashuka vijana wa Dar na Wazungu wawili. Kiongozi wao dada mmoja, nimwite Neema. Wakati namfungia samaki nikamuuliza wanakwenda kufanya nini Lindi.

"Tunaimba opera, mama. Ni igizo, lakini watu hawasemi, wanaimba mwanzo mpaka mwisho. Tunajitolea tu. Tunawapelekea watu ambao hawajawahi kuiona."

"Ee! Na sisi wa hapa tumeiona wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasema kweli. Kila kizuri kinapita hapa kwenda Lindi, kinapita kwenda Mtwara, sisi tunaachiwa vumbi na maganda ya machungwa! Nikambana mpaka akaniahidi safari nyingine watalala kwetu. Akanirushia kipande cha hiyo opera kwenye simu yangu, nikasikiliza. Jamani, simu yenyewe spika yake imekufa nusu, na malori yanapita. Nilisikia kitu kama mbu anayelia. Nikajua ndiyo hiyo.

Kijijini nilitangaza mpaka nikawachosha. Wanawake wakanipa jina, Mama Opera. "Mama Opera, hao watu wako wanakuja au umewaota?" Nilikuwa nakasirika, lakini nilikuwa nalipenda lile jina.

Mwisho Neema akapiga simu, wanakuja Alhamisi mchana. Na Jumatano yake, mume wa Bi Zaituni akafariki. Alizikwa jioni ile ile.

Bi Zaituni ni somo yangu. Huku kwetu somo ni yule aliyekufunda ulipokuwa mwali, na heshima yake haina likizo. Nilipojifungua mwanangu wa kike ndiye aliyenishika mgongo usiku kucha. Nilipoachika ndiye aliyenipa pa kulala. Na mnajua matanga yakiwa yamekaa hata redio haifunguliwi, mtu anatembea akisema taratibu mpaka yaanuliwe.

Ningempigia Neema, nikasema dada, kuna msiba, ahirisheni. Yaani maneno hayo tu! Lakini niliona wakighairi hawarudi. Niliona yale macho ya wanawake na lile jina langu. Badala ya kupiga simu nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Kuna msiba," akasema. "Waambie wasije."

"Mwenyekiti, hii siyo ngoma. Hakuna dufu, hakuna spika, hata kipaza sauti hawana. Ni mdomo mtupu, ndani ya darasa."

"Kama kaswida?"

"Kama kaswida, tena ya chini chini."

Akajikuna shingo. "Haya. Ila sauti isifike msibani."

Neema alipouliza kama huku ni salama, nikamwambia salama kabisa, njooni.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa msibani kama wenzangu, namenya vitunguu uani. Bi Zaituni yuko ndani, ameshaanza eda. Akaniita. Nikaingia, nikakaa mkekani, akanishika mkono. Macho yamemvimba.

"Leo usiende mbali, mwanangu."

"Siendi, somo."

Wallahi nilisema hivyo! Haikupita hata saa moja, nikamuaga wifi yake, Mwajuma, nikasema mtoto ana homa, nakwenda kumtazama mara moja. Nikakata kona, moja kwa moja shuleni.

Darasa lilijaa, watoto wamekaa mpaka madirishani. Neema akatusalimia, akasema jina la igizo kwa Kiitaliano, hakuna aliyeelewa. Akatoka dada mmoja mnene, amevaa gauni jeusi, mikono mitupu. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Mwenzangu! Mabati yaliitikia! Ile sauti sikuamini inatoka kwa binadamu aliyekula chakula kama mimi. Hakuna spika, hakuna chochote, na kifua changu kilikuwa kinatetemeka. Nikageuka kutazama madirisha. Madirisha ya shule yetu hayana vioo, na nyumba ya Bi Zaituni iko ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Igizo lilikuwa la mwanamke aliyeletewa maiti ya mumewe. Mimi sikuwahi hata kuuliza linahusu nini! Yule dada akapiga magoti, akashika kichwa, akalia kwa sauti ile ndefu inayopanda. Na watoto, ambao tangu wazaliwe hawajasikia mtu analia namna hiyo, wakaangua kicheko. Mmoja akamwigiza, wote wakaangukiana. Watu wazima nao wakacheka. Nami nilicheka. Nasema hapa kwa sababu nimeamua kusema yote.

Fikiria uko ndani, umezika mume jana, huruhusiwi kutoka. Unasikia mwanamke anaomboleza mume, halafu kijiji kizima kinacheka. Anaomboleza tena, wanacheka tena.

Mlango ukasukumwa. Mwajuma na wanawake wa msibani, khanga viunoni.

"Mnamcheka nani?"

Muimbaji akanyamaza mdomo wazi. Neema akanigeukia mimi, macho yamemtoka.

"Mama, kuna msiba hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Bado nafasi ilikuwepo, ningelia, ningeomba radhi, watu wangenitukana na yangeisha. Nikasema, "Sikujua."

"Hujui?" Mwajuma akanisogelea. "Na vitunguu asubuhi ulikuwa unammenyea nani?"

Nikamtazama mwenyekiti, naye alikuwemo darasani. Akatazama dari! Baadaye akazunguka kijiji kizima anasema, "Mimi nilidanganywa, niliambiwa kaswida." Mtu mzima na ndevu zake.

Wageni hawakugombana na mtu. Yule muimbaji akaazima khanga, akajifunika, wakaenda wote msibani, wakaingizwa, wakakaa mkekani. Mimi nilijibanza nyuma ya gari lao. Walipotoka Neema alikuwa amelia.

"Tungesubiri, mama. Tungelala hata Somanga. Ungesema tu."

Hapo ndipo nilipotaka kujipiga makofi! Wangesubiri! Uongo wote ule, kumbe hata kazi haukuwa nayo!

Siku ya pili nikaenda chini ya dirisha la Bi Zaituni. "Hodi, somo yangu. Shikamoo." Kimya. Nikarudia. Namsikia anakohoa, yumo. Umewahi kunyimwa marahaba na mtu aliyekulea? Afadhali akutukane. Akatoka Mwajuma na ujumbe wake.

"Anasema wewe si ulisema hujui kama amefiwa? Basi usijisumbue kuja kumpa pole."

Eda yote nilikwenda. Nilipeleka samaki, wakarudi. Nilipeleka unga, ukarudi. Mwanangu ndiye aliyekuwa anaingia kule, anamsomea Yasini, anakula naye. Mimi naishia uani kwa majirani. Na lile jina wananiita mpaka leo, Mama Opera, ila sasa hakuna anayecheka akiniita.

Eda ilipokwisha nikasikia wageni wanarudi. Neema hakunipigia mimi, alimpigia Mwajuma. Na aliyewaita ni Bi Zaituni mwenyewe. Alisema ile hadithi ilikatwa katikati, anataka kujua yule mwanamke aliishia wapi.

Siku hiyo sikualikwa. Nikakaa jikoni nachambua mchele. Na ile sauti ikanifuata kutoka shuleni. Kwangu ni mbali kuliko kwa Bi Zaituni, lakini ilifika yote, pumzi kwa pumzi. Safari hii hakuna aliyecheka. Walielezwa kwanza hadithi, ndiyo maana. Mimi peke yangu kijiji kizima sikuelezwa. Mpaka sasa sijui yule mwanamke aliishia wapi.

Mwanangu akarudi macho mekundu. Akaniambia alikaa karibu na Bi Zaituni, mstari wa mbele.

"Aliniulizia?"

"Alisema, mama yako mbona hayupo?"

"Ukamjibu nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema sijui."

Alikuwa anajua! Aliniacha na ungo mkononi! Nikanyanyua mkono nimzabe kibao, mkono ukabaki hewani. Nimpige kwa lipi? Darasani siku ile alikuwepo, alikaa dirishani, alinisikia.

Basi nyie mnaopokea wageni, iwe wa opera, wa mikutano, hata wa harusi: kukiwa na msiba, semeni kuna msiba. Mgeni atasubiri, na asiposubiri aende zake. Na mbele za watu ukiulizwa habari ya mtu wako, hata ukiona aibu inakuchoma masikio, usiseme hujui. Watoto wako wamekaa dirishani wanasikiliza.