Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Meneja

Sisi tuliokulia kambi ya mkonge pale Mazinde, enzi za kaptura yenye viraka viwili nyuma kama miwani, hatukuhitaji saa. King'ora cha kiwanda kikilia, baba yuko kazini. Kikilia tena, ugali wa bada, ule wa muhogo, uko jikoni na mlenda wake, na aliyechelewa atalamba kidole. Mpira tulisuka wenyewe kwa katani. Ukiupiga kichwa unawashwa mpaka Ijumaa. Vijana wa leo mpira wanachezea kwenye simu, halafu wanalalamika mgongo unauma!

Kilimani juu yetu ilikuwepo Nyumba ya Meneja. Vigae vyekundu, baraza pande tatu, na ngazi ndefu za kupandia mlango wa mbele. Aliijenga Mgiriki mwenye shamba. Yeye sikumkuta, ila sheria yake niliikuta: mtu wa kambi anapita nyuma, jikoni. Mama yangu alipeleka mayai pale, na kila safari alinivuta sikio: "We! Usikanyage ngazi za watu."

Shamba lilipotaifishwa wakaja mameneja wa shirika. Ninayemkumbuka mimi alikuwa mtu mweusi kama sisi, suti ya Kaunda, kalamu tatu mfukoni. Alipofika kambi nzima ilipiga vigelegele. Kesho yake mama akabeba kapu lake la mayai, akaanza kupanda ngazi za mbele, maana nchi sasa ni yetu. Mbwa wakabweka, meneja akatokeza barazani: "Mama, kwani njia huijui?" Mama akazunguka nyuma. Ujamaa ulifika Mazinde, sikatai, lakini ngazi zile zilikuwa ndefu, ukachoka katikati.

Shirika likafa, mkonge ukageuka pori. Nyumba ikanunuliwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Korogwe mjini. Akajaza majora sebuleni mpaka mlango wa mbele haufunguki, hata yeye mwenyewe akawa anapita jikoni. Huyo angalau tulilingana naye! Baada yake akaja mheshimiwa mmoja kutoka Dar, akaweka geti na mlinzi, akalala pale mara mbili, akapotea kama ahadi zake.

Kisha nikaja mimi. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia. Nilianza na gunia moja la mahindi soko la Handeni. Leo nina Fuso tatu na mashine mbili za kusaga, na wale waliokuwa wa kwanza darasani wananiomba lifti. Nyumba nikainunua, nikaipaka rangi, ngazi nikazitandika marumaru. Nilikuwa nataka jambo moja tu: mama yangu aingie kwa mlango wa mbele.

Hakutaka. Tangu baba afariki anaishi kwao Kang'ata, na kila alipokuja kunitembelea alizunguka jikoni, akavuta kigoda, akakaa.

"Mama, ngazi hizi ni zangu!"

"Najua, baba. Nimezoea huku."

Miaka miwili nambembeleza. Mwezi uliopita akakubali moyoni mwake, bila kuniambia. Akatoka alfajiri na kanga mpya, akapanda basi, akamalizia kwa bodaboda. Mimi nilikuwa Handeni napima mahindi. Dereva wa bodaboda ndiye aliyenipigia simu akanisimulia: bibi alipanda ngazi zote huku ameshika goti, akakuta mlango uko wazi, akavua kandambili, akabisha hodi. Sebuleni walikuwemo wanangu watatu, kila mmoja kaziba masikio kwa vidude vyake. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Na kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unaondoka, hata kama unaiona miguu ya wenyewe juu ya kochi. Mama akavaa kandambili, akashuka, akamwambia dereva: "Nirudishe stendi, mjukuu wangu."

Kesho yake, hata kabla ya kurudi nyumbani, nikamfuata Kang'ata. Nikamkuta jikoni, anasonga.

"Mama, si ungeingia tu?"

"Niingie kwa nani? Enzi za meneja ukisogea tu mbwa walibweka. Ulijua umeonekana."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Enzi zetu hatukuwa na mlango, tulikuwa na pazia la gunia, na mtoto akisikia hodi alishatoka mbio na kigoda mkononi kabla hajajua mgeni ni nani. Leo nimewapa wanangu milango ya mninga, shule ya basi la njano na Kiingereza cha puani. Neno "karibu" nilidhani watalikuta humo humo.

Simu ikaita. Kijana wangu mkubwa. Nikaruka juu, nikajua wameambiwa na yule dereva, wanataka kumwomba bibi yao radhi.

"Mshua, intaneti imekata. Unarudi lini?"

Nikakata. Mama akaniangalia. "Wajukuu zangu hao? Wanasemaje?"

"Wanakupa shikamoo, mama."

Akainama, akasogeza kuni, akapuliza moto mpaka ukashika. Ndipo akaitikia:

"Marahaba."