Siku Bibi Nkwimba Aliponikanda

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji, kijijini kwetu Shishiyu, nilipofundishwa kutomtazama bibi mwenye macho mekundu. Shangazi alisema bibi wa hivyo ni mchawi, hupanda fisi usiku, na mtoto akimtazama, anaugua mpaka anakwisha. Wakubwa nao waliamini. Hakuna aliyetuambia kwamba kwetu kuni ni shida, na mwanamke aliyepikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, moshi lazima umle macho.

Mama na wenzake wa jumuiya walijitolea kumhudumia Bibi Nkwimba, aliyeishi peke yake, miguu imevimba, kisimani hafiki. Kila Jumamosi walimwogesha na kumpikia uji. Jumamosi moja mama akanibebesha kidumu cha maji. Niliingia nimeinamisha uso. Bibi akanishika kidevu, akanisalimu kwa kilugha, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu. Umeangusha jino huko chini?"

Akacheka. Nikayaona macho yote mawili.

Siku ya pili nikashikwa na homa. Zahanati walisema malaria, wakanipa dawa. Lakini jioni uwanja wetu ulikuwa umejaa watu, na vijana wameshika fimbo.

"Wifi, si ulimpeleka mwenyewe!" shangazi alifoka. "Sasa yule bibi atolewe kijijini leo hii."

Mama aliinuka kando ya mkeka wangu. Alichukua baiskeli, akaondoka. Alirudi akiisukuma, Bibi Nkwimba amekaa nyuma. Akamkalisha kwenye mkeka wangu na kumpa kitambaa chenye maji.

"Mkande mwanangu." Kisha akawageukia watu. "Kama ndiye, basi amalizie hapa hapa, namwona."

"Na mtoto akifa?"

"Mtatutoa wote wawili."

Bibi alinikanda paji la uso mpaka maji yakaniingia masikioni. "Pona, mayu," alininong'oneza. "Pona, nakuomba." Sikuwa nimewahi kuombwa kitu na mtu mzima kwa sauti ile.

Asubuhi homa ilishuka, Mungu asifiwe. Shangazi hakuomba radhi. Bibi Nkwimba aliishi kwake mpaka Bwana alipomwita.

Leo niko Bariadi mjini, Somanda. Mimi na kikundi cha kanisani tunawatembelea wazee wagonjwa majumbani: tunawafulia, tunawageuza kitandani, tunawakumbusha dawa. Watu husema nimemrithi mama. Sifa hiyo inaninyima raha. Mama aliniweka mimi rehani kwenye ule mkeka. Mimi naleta sabuni na mikono yangu tu. Yuko bibi mmoja ambaye majirani wanamsema vibaya, naye macho yake ni mekundu. Najua ni moshi. Najua kabisa, na nimelisalia jambo hili kwa machozi. Lakini kila asubuhi ya zamu kwake, nikiwa najifunga kanga, binti yangu huuliza, "Mama, twende wote?"

Mdomo unajibu kabla yangu.

"Wewe baki."