Kuonja kwa Niaba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kutoka Japani na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo na dawa. La pili lilikuwa na chupa tano za sake, ile pombe yao ya mchele, kila chupa imeviringishwa ndani ya sweta. Alikuwa ameishi kule miaka zaidi ya thelathini, kwanza akiwa fundi wa mitambo ya meli, baadaye mfanyakazi wa kiwanda kidogo kinachotengeneza hiyo sake, kazi aliyoipenda kuliko meli. Mke wake alikwisha kufariki, na hawakujaliwa watoto. Saratani ya koo ilipomshinda aliomba aje amalizie siku zake kwangu, Igogo. Mke wangu na mimi tukampa chumba kinachotazama ziwa.

Chakula chake kilikuwa uji mwepesi uliopita kwenye mpira hadi tumboni. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono. Mionzi ilikuwa imemwondolea ladha yote, hata ya chumvi.

"Shemeji," mke wangu alimwambia alipoziona zile chupa zimepangwa dirishani, "wewe huwezi kumeza. Mimi sinywi. Kaka yako ni mzee wa kanisa. Hizi umewaletea samaki?"

"Nimemletea kaka. Ataonja, halafu ataniambia."

Nilidhani anatania. Lakini alinyoosha mkono akaishika chupa ya mwisho, fupi, ambayo ndani yake kulikuwa na weupe umelala chini kama tui. Akaniambia kwamba siku aliyoionja mara ya kwanza alilia mbele ya wageni, kwa sababu aliona inafanana na pombe ya mama yetu. Mama alipika pombe ya mtama na ulezi kijijini kwetu, ng'ambo ya Busisi, na sisi tulikua tukiinywa kabla mimi sijaokoka.

"Miaka yote hiyo najiuliza," alisema. "Inafanana kweli, au ulikuwa upweke tu? Hakuna mtu mwingine aliyebaki hai anayeijua ya mama. Ni wewe tu."

Nilimwambia nitaomba kwanza. Hilo ndilo jibu langu la siku zote, na watu hulisifu. Nilikuwa nimeahidi mbele ya usharika kwamba kileo hakitapita midomoni mwangu, na ahadi hiyo nilikuwa nimeitunza miaka arobaini. Nikaomba siku tatu. Siku ya nne asubuhi nilimlowanisha midomo kwa pamba iliyochovywa kwenye chai, kama daktari alivyotufundisha, naye akaniuliza kama chai ile ina tangawizi. Mke wangu alikuwa ametia tangawizi hadi macho yananitoka machozi. Nikaenda kwa mchungaji wetu nikamweleza. Akasema, "Nenda ukamuuguze ndugu yako."

Nilitaka tuanze na ile nyeupe, tumalize jambo. Mdogo wangu akakataa.

"Mdomo wako umelala miaka arobaini. Utaujuaje ukweli kwa mdomo uliolala? Kwanza tuuamshe."

Jumanne mchana, baada ya chakula, tukaanza. Mama alikuwa na desturi: hakuna mgeni aliyepewa kibuyu kabla ya mwenye pombe kuonja mbele ya macho yake, ajue kwamba hakuna ubaya ndani. Mdogo wangu hakuisahau. Nilimimina sake ya chupa ya kwanza kwenye kikombe kidogo cha kahawa, nikachovya pamba, akaipitisha midomoni, akanitazama kwa heshima yote ya mwenye nyumba, akasema, "Karibu, kaka."

Nikanywa. Kifua kilishtuka. Nilitaka kumfurahisha, nikasema, "Tamu."

Alinikodolea macho. "Hiyo ndiyo kavu kuliko zote. Haina utamu hata wa kusingiziwa. Mzee wa kanisa, umeanza uongo kwenye chupa ya kwanza?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchambua. Mimi niliona haya. Nikanywa tena, polepole, nikaisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje.

"Inaanza kama maji ya kisima," nilisema. "Halafu inakauka ulimini, kama nimelamba jiwe. Mwisho kabisa kuna wali. Si wali wenyewe. Ukoko."

"Ukoko," alirudia. Alifumba macho, na koo lake likacheza kana kwamba anameza.

Kesho yake ilikuwa zamu ya chupa ndefu ya rangi ya kijani. Alisema aina ile huitwa ginjo, na kwamba punje ya mchele hukobolewa na kukobolewa tena, mpaka ibaki karibu nusu yake, kabla ya kupikwa. Mke wangu hakuamini.

"Nusu? Na hiyo nusu nyingine?"

"Inakuwa unga. Wanapika vitu vingine."

"Nilidhani mnawapa kuku, nihamie huko na kuku wangu."

Ile ilinukia kabla sijaifikisha mdomoni. Nikasema ndizi mbivu. Akauliza ndizi ya siku ngapi. Nikasema ile yenye madoadoa, na nyuma yake tikiti. Akauliza tikiti lililoiva au bado. Alinirudisha kwenye ile kavu ya jana, kisha kwenye hii, kisha kwenye ile, vikombe viwili vya kahawa mbele yangu, mpaka nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: ile kavu, niliyoidhani maskini, ilikaa mdomoni muda mrefu zaidi, na hii ya manukato iliaga mapema. Nilipolisema hilo alinishika mkono. Alisema wapo watu aliofanya nao kazi waliochukua mwaka mzima kulijua.

Alhamisi tulifungua iliyozeeka, ya rangi ya chai ya rangi. Niliikuta na asali iliyokaa kibuyuni, na sukari guru, na moshi kwa mbali. Ijumaa ilikuwa ya kupashwa moto. Mke wangu aliisimamisha chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na mdogo wangu akawa anaigusa kitako kwa kiganja, akingoja. "Bado," alisema. "Bado. Sasa." Ulimi wake ulikuwa umekufa, lakini mkono ulijua. Nilipoinywa, ile ya moto ilinishukia taratibu kama uji anaopewa mgonjwa anayepona, na ninakiri kwamba niliipenda. Nilimshukuru Mungu kwa hiyo, kisha nikamwomba msamaha, na hata leo sijui ni ipi kati ya sala hizo mbili ilikuwa ya haki.

Jumamosi asubuhi alikuwa mchangamfu. Alitaka tuifungue ile nyeupe.

Mimi nikakumbuka kwamba kesho yake ni Meza ya Bwana, na zamu ya kushika sinia la vikombe ni yangu. Sikuona vizuri nikasimame pale na pombe ya jana mwilini. Siku nne nilikuwa nimekunywa bila kusita, lakini Jumamosi hiyo dhamiri ilinishika.

"Tungoje Jumatatu," nilimwambia. "Mambo mema hayaharakishwi."

"Jumatatu ni mbali, kaka."

"Ni keshokutwa tu, mdogo wangu."

Hakubisha, na hilo lilipaswa kuniamsha, maana alikuwa mbishi tangu utoto. Aliomba tu aishike chupa. Aliilaza kifuani, akalala nayo mchana ule, na mke wangu akaja kuitoa taratibu asije akaiangusha.

Jumapili kanisani nilizima simu kama ilivyo kawaida yetu. Nilipita kwenye viti na sinia, vikombe vidogo vikigongana, nikimwangalia kila mmoja anavyopokea. Nilipotoka nje na kuiwasha nilikuta mke wangu amenipigia mara saba. Nilikimbia kuteremka hadi nyumbani, mzee kama mimi, viatu vya ibada vikiteleza kwenye mawe. Mke wangu alikuwa amekwisha kumfunga mdogo wangu taya kwa kitambaa.

"Aliuliza kama umerudi," aliniambia. "Nikamwambia bado."

Tulimzika nyumbani kijijini. Zamani msiba wa kwetu ulisimama Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, saa moja au mbili, watu wakiimba, wakilia, wakila mihogo ya kuchoma. Sasa kuna daraja. Tulilivuka katika dakika chache, na mimi niliyekuwa nikiilaumu ile foleni miaka yote niliona tumemvusha upesi mno, kana kwamba kuna mtu anatusukuma.

Baada ya wiki mbili mke wangu ndiye aliyeileta chupa mezani. Alisema haifai kukaa pale dirishani inatutazama. Aliketi upande wa pili, akachovya pamba kwenye kikombe, akajipitishia midomoni yeye, mwanamke ambaye hajawahi kugusa kileo, akasema, "Karibu."

Nilinywa. Ilikuwa nyepesi, kama maji yaliyosuuza chungu. Moyo ulinianguka kwa ajili yake: alililia kitu hiki? Nikanywa kikombe cha pili, vivyo hivyo. Nilipoinua chupa nikaona weupe wote bado uko chini. Sikuwa nimeitikisa. Mtoto aliyelelewa na mpika pombe anajua kwamba hukorogwa kwanza ndipo huchotwa, na mimi, kwa kuwa ilikuwa kwenye chupa yenye maandishi, nilikuwa nimemimina maji ya juu tu. Yeye angenizuia mkono.

Niliipindua taratibu, weupe ukapanda. Nikanywa tena, nikaipa muda.

"Ikoje?" mke wangu aliuliza.

"Haifanani," nilisema.

Ya mama ilikuwa chachu, ilikwaruza, ilikuwa na moshi wa kuni na ukali wa mtama. Hii ni laini na tamu, kama wali uliopikwa kwa maziwa. Niliinywa tena nikitafuta, kwa uaminifu wote aliokuwa amenidai. Nilichopata ni zile chembe tu, zinazobaki chini ya ulimi ukishameza, ambazo unazitafuna bila kujijua. Hizo zilikuwa za mama.

"Ungemwambia hivyo?" mke wangu aliuliza. "Kwamba haifanani?"

"Ningemwambia. Alikataza uongo."

"Angekubali?"

Hapana, asingekubali. Angenibishia. Angesema nimesahau ya mama, angenilazimisha ninywe tena, angeniuliza chembe zipi, kubwa au ndogo, na mimi ningemjibu kwamba mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyeinywa zaidi, na tungebishana hivyo mchana kutwa.